Nauli ya Kurudi Tunayo

Jumamosi iliyopita, mimi na jamaa yangu tunaoishi Cork, Ireland, tulipanda gari la moshi kwenda kuitazama bandari ya Cobh. Wageni wengi huifuata Titanic, iliyotia nanga hapo tarehe 11 Aprili 1912 kabla ya kuzama. Mimi nilisimama mbele ya sanamu ya Annie Moore, msichana aliyeondoka na nduguze wawili wadogo mwaka 1891 kwenda Marekani.

Enzi hizo Waireland walimkeshea msafiri kama akeshewavyo maiti, kwani wengi hawakurudi kamwe.

“Baba, tutarudi lini kwa nyanya?” bintiye mwenzenu akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Wale walikosa nauli ya kurudi. Sisi tunayo, twangoja matanga?