Vifo Vilivyoandikwa Bila Kuulizwa Sababu: Funzo Kutoka Makao ya Kina Mama na Watoto ya Ireland

Katika taaluma ya tiba, kifo cha mtoto mchanga hakiishii kwenye cheti. Hutakiwa kujadiliwa: ni ugonjwa gani uliomwua, ulianza lini, nani alimhudumia, na nini kingeweza kufanyika mapema. Historia ya Ireland katika karne ya 20 inatuonyesha yanayotokea pale vifo vinapoandikwa, vikatumwa serikalini na hata kuchapishwa katika taarifa rasmi, lakini asiwepo mtu anayelazimika kujibu maswali hayo. Waliokufa walikuwa watoto wa wanawake wasioolewa.

Baada ya Ireland kuanza kujitawala mwaka 1922, mwanamke aliyepata mimba nje ya ndoa hakuwa na mahali pengi pa kukimbilia. Familia iliogopa aibu, mwanamume aliyehusika mara nyingi hakuulizwa lolote, na msaada wa serikali kwa mama asiye na mume haukuanza hadi mwaka 1973. Wengi walipelekwa katika makao ya kina mama na watoto, ambayo aghalabu yaliendeshwa na masista wa mashirika ya kitawa ya Kikatoliki, huku gharama zikilipwa kwa fedha za umma. Huko walijifungua kwa siri. Baadhi walifanyishwa kazi bila ujira, na hatimaye wengi walitenganishwa na watoto wao.

Tume ya Uchunguzi iliyoundwa na serikali mwaka 2015, chini ya Jaji Yvonne Murphy, ilichunguza taasisi 18 kwa kipindi cha mwaka 1922 hadi 1998. Taarifa yake ya mwisho, iliyotolewa Januari 2021, ilieleza kwamba wanawake wapatao 56,000 na watoto wapatao 57,000 walipitia humo. Watoto wapatao 9,000 walifariki, yaani takribani 15 kati ya kila 100.

Takwimu zilikuwa wazi

Mtu anaweza kudhani kwamba vifo hivyo vilifichwa. Tume ilibaini vingine: viwango hivyo vya vifo vilijulikana kwa mamlaka za mitaa na za taifa, na viliandikwa katika machapisho rasmi. Mkaguzi wa serikali, Bi. Alice Litster, alizitembelea taasisi hizo na kuwaonya wakubwa wake kuhusu vifo vya watoto. Katika miaka ya 1945 na 1946, kiwango cha vifo ndani ya makao hayo kilikaribia mara mbili ya kile cha watoto wote wa nchi hiyo waliozaliwa nje ya ndoa, ambao nao walikuwa wakifa kwa wingi kuliko watoto wa ndoa. Kwa maneno mengine, nyumba iliyokusudiwa kuwakinga ilipunguza uwezekano wao wa kuishi.

Sababu za vifo hazikuwa za ajabu. Zilikuwa maambukizi ya njia ya hewa, kuhara, surua, kifaduro na kudhoofika kwa kukosa lishe bora. Kila mhudumu wa wodi ya watoto anafahamu jinsi maradhi haya yanavyoenea. Wakusanye watoto wengi wachanga katika chumba kimoja, wapunguzie maziwa ya mama, wape wahudumu wachache wasio na mafunzo ya kutosha, kisha mwingize mtoto mmoja mwenye kuhara. Katika siku chache chumba kizima kitaugua. Tiba ya hali hiyo ilijulikana hata kabla ya dawa za antibayotiki kupatikana kwa wingi: usafi, nafasi, kutenga wagonjwa na kunyonyesha.

Kilichokosekana ni mshtuko. Takwimu za nchi ziliwaweka watoto hao katika safu yao peke yao, safu ya watoto “wasio halali”. Kwa kuwa kila mwaka safu hiyo ilikuwa na vifo vingi, vifo vingi vikaonekana kuwa ndiyo kawaida yake. Hivyo jina walilopewa watoto likachukua nafasi ya sababu ya kifo.

Daktari aliyewavua watoto nguo

Mfano ulio dhahiri zaidi unatoka Bessborough, katika mji wa Cork. Mwaka 1943, watoto watatu kati ya kila wanne waliozaliwa au kupokelewa pale walifariki. Dkt. James Deeny, aliyekuwa mshauri mkuu wa serikali katika masuala ya tiba, alisimulia baadaye katika kumbukumbu zake jinsi alivyokwenda kujionea mwenyewe. Alizunguka wodi zote na mambo yalionekana shwari: sakafu safi, vitanda vimepangwa, watoto wamefunikwa vizuri. Ndipo alipoamua kuwavua nguo na kuwapima. Aliwakuta na usaha katika ngozi na kuhara, hali iliyokuwa imefichwa chini ya nguo safi. Aliagiza makao yafungwe kwa muda, na mama mkuu pamoja na daktari wa taasisi wakaondolewa. Baada ya hatua za usafi na mabadiliko ya uongozi, vifo vilipungua sana.

Kisa hiki kinatosha kuondoa hoja kwamba watoto walikufa kwa sababu ya umaskini wa zama zile pekee. Nchi ilikuwa ileile, na ufukara uleule. Kilichobadilika ni kwamba mtu mwenye mamlaka alimpima mtoto kama mgonjwa, kisha akatenda.

Utabibu nao una sehemu yake katika lawama. Tume ilithibitisha majaribio saba ya chanjo yaliyofanywa kwa watoto wa taasisi hizo kati ya mwaka 1934 na 1973, yakiwemo ya chanjo dhidi ya dondakoo na polio. Haikupata ushahidi kwamba watoto walidhurika. Hata hivyo, ilieleza kwamba ridhaa ya mama au mlezi haikuombwa, na kwamba maadili na taratibu za leseni za wakati huohuo hazikufuatwa. Mtoto asiyekuwa na mtetezi alikuwa rahisi kufanyiwa jaribio.

Makaburi na majina

Katika mji wa Tuam, wilayani Galway, makao ya masista wa Bon Secours yalifanya kazi kuanzia mwaka 1925 hadi 1961. Bi. Catherine Corless, mtafiti wa historia ya mji huo, alikusanya vyeti vya vifo vya watoto 796 bila kuona kumbukumbu za mazishi yao. Mwaka 2017 Tume ilitangaza kwamba mabaki ya binadamu yamepatikana ndani ya vyumba vya chini ya ardhi, katika uwanja wa yaliyokuwa makao hayo. Kwa Bessborough, ambako vifo vilizidi 900, Tume iliweza kutambua mahali walipozikwa watoto 64 tu. Waziri Mkuu Micheál Martin aliomba radhi kwa niaba ya dola Januari 2021, na masista wa Bon Secours nao wakaomba radhi. Uchimbaji wa Tuam, kwa lengo la kutambua mabaki na kuyazika kwa heshima, ulianza Julai 2025.

Tume ilisema kwamba lawama ya kwanza iko kwa wanaume waliowatelekeza wanawake hao na kwa familia zao, huku dola na makanisa yakiunga mkono ukatili huo. Manusura wengi waliipinga hoja hii, wakisema inaipunguzia dola na Kanisa uzito wa wajibu wao. Mjadala huo haujafungwa.

Kwa walio hai, jambo hili bado ni la kitabibu. Zaidi ya watoto 1,600 waliotoka katika taasisi hizo walipelekwa nje ya nchi kuasiliwa, wengi wao Marekani. Leo ni wazee. Daktari anapowauliza kama katika ukoo kuna kisukari, shinikizo la damu au saratani ya matiti, hawana la kujibu. Sheria iliyopitishwa Ireland mwaka 2022 imewapa haki ya kupata vyeti vyao vya kuzaliwa na taarifa za asili yao, zikiwemo za kitabibu.

Katika kliniki zetu

Historia hii ni ya Ireland, lakini mazoea yaliyoizaa hayana uraia. Nasi katika Kiswahili tuna neno “mwanaharamu”, ambalo humhukumu mtoto kwa jambo asilolitenda. Katika baadhi ya kliniki za wajawazito nchini Tanzania, mama anayekuja bila mwenza huambiwa arudi na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Nia ya kuwapima wenza wote virusi vya UKIMWI ni njema. Lakini binti aliyekataliwa na mwanamume, aliyefukuzwa nyumbani, akiaibishwa pia kliniki, hatarudi. Atakosa kupimwa shinikizo la damu, atakosa dawa za kuongeza damu, na atafika hospitali siku ya uchungu akiwa amechelewa.

Mhudumu mwenzangu, swali la “mume yuko wapi?” liulizwe tu pale jibu lake litakapomsaidia mama. Mtoto wa mama asiyeolewa avuliwe nguo, apimwe na apimwe uzito kama mwingine yeyote. Katika kikao cha kujadili vifo, anapotajwa mtoto wa “yule msichana wa mtaani”, tuulize maswali yote ambayo tungeuliza kwa mtoto wa mwalimu au wa daktari.

Nawe mama uliye peke yako, kukosa mwenza si sababu ya kitabibu ya kukunyima huduma. Ukirudishwa bila kupimwa, omba kuonana na muuguzi kiongozi au mganga mfawidhi wa kituo, na usiondoke kabla hujapimwa.