Karamu Nzuri Isiyoleta Deni

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maneno haya twayajua sote, na hakuna mji katika Ukambani upendao kuitwa mji wa uchoyo. Kwa hiyo mtoto abatizwapo, au mbuzi wa ntheo waletwapo kwa ajili ya binti, au kijana afauluposhuleni, tunaalika watu na watu huja. Hilo ni jambo jema. Jambo lisilo jema ni lile lifuatalo baadaye: mbegu iliyouzwa ili kununua soda, mbuzi jike mwenye mimba aliyechinjwa kwa haraka, na deni la dukani lisilokwisha hata mvua ikaanza kunyesha.

Katika makala haya tutaeleza jinsi mkulima wa skimu, wa Makueni au wa Kitui, awezavyo kulisha wageni 50 kwa chakula kizuri, chenye kupendeza macho, ambacho sehemu yake kubwa imetoka katika shamba lake mwenyewe.

Tenga mbegu kwanza

Kabla ya kuhesabu wageni, hesabu mbegu. Ekari moja ya mahindi yataka mbegu kilo 10 hivi. Debe moja la mahindi lina uzito wa kilo 18 hivi. Basi mtu aliyehifadhi mbegu yake ya Katumani, kisha akapika debe moja la mbegu hiyo siku ya sherehe, amekula karibu ekari mbili za msimu ujao kwa siku moja. Wageni wake hawatajua, wala hawatakuja kumsaidia mwezi wa Oktoba anapotafuta mbegu ya kupanda.

Kwa hiyo funga mbegu katika chombo chake, uweke mbali na chakula, na mwambie kila mtu wa nyumbani kwamba hiyo haiguswi. Kisha toa chakula cha jamaa cha kufikia mavuno. Kinachobaki ndicho cha karamu.

Siku ifuate mavuno

Krismasi haihamishwi, lakini arusi yaweza kupangwa. Kwetu mvua ya kutegemewa zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba, na mavuno yake huwa Januari na Februari. Mwezi wa Desemba mazao mapya yangali mabichi shambani na ghala linakaribia kuwa tupu. Arusi ikifanywa mwisho wa Februari au mwezi wa Machi, kunde na ndengu ni mpya na mahindi yamekwisha kukauka. Ikifanywa Agosti, mbaazi zipo. Mwenye kufuata mavuno hununua vitu vichache.

Ikiwa sherehe ni ya Krismasi, tumia vilivyo tayari wakati huo: majani ya kunde, majani ya malenge na maembe, ambayo Makueni huwa mengi kuanzia mwisho wa mwaka.

Chakula cha watu 50

Hapa tutapima kwa gorogoro, yaani kopo lile la kilo 2 hivi litumikalo sokoni.

Muthokoi. Chukua muthokoi gorogoro 3 na kunde au mbaazi kavu gorogoro 1 na nusu. Loweka muthokoi usiku kucha. Asubuhi uinjike kwanza, upate moto kwa saa moja, ndipo utie kunde, maana kunde huiva upesi na zikitangulia zitavurugika. Vikiiva, kaanga vitunguu na nyanya kwa mafuta kidogo, changanya, tia chumvi, na mwisho nyunyiza dhania.

Kuku na ndengu. Kuku 4 wa nyumbani, kila mmoja akikatwa vipande 13, watatoa vipande 52. Kila mgeni atapata kipande chake. Chemsha kuku hao kwanza mpaka walainike, na supu yao usiimwage. Chemsha ndani yake ndengu gorogoro 1 na nusu. Kwa njia hii ladha ya kuku wanne hufika katika kila sahani. Epua ndengu zinapolainika kabla hazijapasuka, ili zibaki na rangi yake ya kijani. Kuku uwakaange kando na uwaweke juu wakati wa kuandaa.

Chapati za malenge. Menya malenge, yachemshe kwa maji kidogo, yaponde mpaka yawe laini, na uyaache yapoe. Malenge yaliyopondwa kilo 1 na nusu, pamoja na unga wa ngano kilo 4, chumvi na mafuta kidogo, vitatoa chapati 50 na zaidi. Usitie maji mpaka umekwisha kukanda, maana malenge yana maji yake. Acha unga upumzike nusu saa. Chapati hizi huwa laini, zina rangi ya manjano yenye kupendeza, na watoto huzigombania.

Mboga na matunda. Pika majani ya kunde kwa muda mfupi yasipoteze rangi. Maembe na mapapai yakatwe vipande muda mfupi kabla ya kula, yafunikwe kwa kitambaa safi.

Vya kununua ni unga wa ngano, mafuta, chumvi, vitunguu, na nyanya kama huna bustani. Andika orodha hiyo kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani, na usinunue kisichoandikwa.

Kinywaji

Soda moja kwa kila mgeni ni kreti mbili za chupa 24 na chupa 2 zaidi. Piga hesabu ya fedha hizo, kisha utazame mkwaju ulio karibu nawe. Ukwaju kilo 1 na nusu, uliolowekwa, ukakamuliwa na kuchujwa, hutosha maji lita 12, na hizo ni bilauri 48 za robo lita. Wale wa Kibwezi, Ikutha na Mutomo wanayo mibuyu. Unga wa ubuyu ukikorogwa katika maji ya vuguvugu na kuchujwa hutoa kinywaji cheupe, chenye vitamini C nyingi. Tamu yake iwe asali, ambayo Kitui ina sifa nayo tangu zamani. Maji yachemshwe kwanza na kupozwa. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali, kwa maana yaweza kumdhuru.

Kupamba meza

Chakula hupendeza kwa rangi kabla ya kupendeza kwa ladha. Kanuni ni rahisi: vyakula vya rangi moja visiwekwe pamoja. Osha majani ya mgomba, yapitishe juu ya moto mpaka yalegee, uyatandike kwenye sinia. Muthokoi uwe katikati, mboga za kijani ziuzunguke, na vipande vya nyanya viwe ukingoni. Chapati zikunjwe na kupangwa katika kiondo kilichotandikwa kitambaa safi. Kinywaji kiwe katika kibuyu kikubwa, na kata ya kuchotea iwe kando yake. Leso mbili zilizopigwa pasi zatosha kuwa kitambaa cha meza. Maua ni mazuri, lakini yenye utomvu mweupe yasiwekwe karibu na chakula, kwa kuwa mengine yana sumu.

Mahindi yenye ukungu si ya wageni

Sasa tufike katika jambo kubwa kupita yote. Mwaka 2004, sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini iliwapata watu 317 katika sehemu za mashariki na kati ya Kenya, na 125 kati yao wakafa. Wengi wao walikuwa wa Makueni na Kitui. Walikuwa wamekula mahindi ya nyumbani yaliyowekwa kabla ya kukauka.

Huambiwa kwamba akiba haiozi. Lakini mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu huoza, na mara nyingine huua. Wako watu ambao, wakitaka kupunguza gharama ya karamu, huchukua mahindi yaliyobadilika rangi wakisema kwamba moto utayatakasa, au kwamba yakipondwa kuwa muthokoi yatakuwa safi. Kuchemsha hakuiondoi sumu hii. Kukoboa huipunguza, kwa kuwa sehemu yake kubwa imo katika ganda na kiini, lakini hakuimalizi. Kuyatumia kwa pombe si dawa. Kuku na ng'ombe wa maziwa nao wasipewe, maana sumu huweza kupita katika maziwa. Mahindi hayo yaharibiwe.

Kupima ukavu si kazi ngumu. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi cha theluthi moja na chumvi kavu kidogo, utikise kwa dakika chache, kisha uache itulie. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi. Yarudishwe juani, juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Tena, muthokoi hulowanishwa wakati wa kutwangwa. Basi upikwe siku hiyo hiyo au uanikwe ukauke kabisa. Usifungwe katika gunia ukiwa na majimaji.

Nyama na ndengu pia zina sheria yake: zipikwe asubuhi ya sherehe, si jioni iliyotangulia, na zibaki juu ya moto mpaka wakati wa kuandaa.

Mwethya jikoni

Babu zetu hawakulima matuta peke yao. Waliitana katika mwethya, leo kwako, kesho kwangu. Ndivyo ifaavyo hata katika karamu. Kikundi cha kina mama 12, kila mmoja akileta gorogoro 1 ya nafaka, kimekwisha kukusanya gorogoro 12, nawe umeona kwamba karamu yetu ya watu 50 imetaka gorogoro 6 tu za nafaka na kunde. Zilizobaki ziwekwe kwa sherehe ya mwenzao. Kikundi kikinunua sufuria mbili kubwa na sahani 50, hapana mtu atakayekodi vyombo tena. Daftari liwepo, na mtu mwenye kuandika vizuri aliandike: nani ameleta nini, na ni zamu ya nani.

Kina baba nao wasikae kivulini wakingoja sahani. Kuni, maji na kuchinja ni kazi yao, na kusema "soda hatununui" mbele ya jamaa zao pia ni kazi yao, ili lawama isimwangukie mama peke yake.

Wageni wakiisha kuondoka, toa maganda ya malenge na maembe uwape mbuzi, rudisha sufuria za kikundi zikiwa safi, kisha ufungue ghala utazame kile chombo cha mbegu. Kikiwa bado kimefungwa kama ulivyokiacha, karamu yako ilikuwa nzuri.