Durban: Jinsi ya kuchagua mashine ya santuri na mkono wake

Mwaka 1930 mwalimu Reuben Caluza wa shule ya Ohlange, iliyoko Inanda karibu na Durban, alirekodi mjini London nyimbo za Kizulu akiwa na kundi lake la waimbaji. Ohlange ni shule iliyoasishwa na John Dube, na ndipo Nelson Mandela alipopigia kura mwaka 1994. Santuri za enzi hizo ni za shelaki, nazo huzunguka mara 78 kwa dakika.

Mwenye kurithi santuri kama hizo na kutaka kuzisikiliza nyumbani kwa mashine bora, asianze kwa kuuliza bei. Aulize kwanza iwapo mashine ina kasi ya 78. Nyingi za bei kubwa hazina. Rega Planar 3 ya Uingereza huzunguka kwa kasi ya 33 na 45 tu. Technics SL-1200 ilipotoka mwaka 1972 ilikuwa hivyo hivyo, bali SL-1200G ya mwaka 2016 imeongezewa 78. Sindano nayo ni nyingine kabisa, kwani mfereo wa shelaki ni mpana takriban mara tatu kuliko wa santuri za plastiki. Na tahadhari moja: santuri ya shelaki isisafishwe kwa spiriti, maana spiriti huiyeyusha.

La pili ni mkono, yaani ule ufito unaobeba kichwa cha sindano. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Durban ni mji wa joto, na santuri ya plastiki iliyoachwa juani au ndani ya gari hupinda. Kila inapozunguka, mpindo huo huurusha mkono juu na chini mara chache kwa sekunde. Mkono na kichwa chake vina mtikisiko wao wa asili. Ukilingana na ule wa mpindo, sindano huyumba na hata kuruka. Ukipanda mno, huingia katika sauti nzito za muziki, ambazo huanzia mitikisiko 20 hivi kwa sekunde. Mafundi hulenga kati ya 8 na 12. Kwa hiyo mkono mzito hutaka sindano yenye kishikizo kigumu, na mkono mwepesi hutaka kilicho laini. Mkono wa gharama kubwa uliofungiwa kichwa kisichoufaa utashindwa na wa kawaida uliopatanishwa vyema.

Wapo wanaopendelea mkono mrefu wa inchi 12 badala ya 9, kwa kuwa hupunguza kosa la pembe sindano inaposafiri kuelekea katikati ya santuri. Ni kweli, lakini urefu huongeza uzito, na hesabu ile ya mtikisiko hurudi palepale. Binafsi, kwa nyumba ya kawaida, ningechagua inchi 9.

Anayeagiza mashine iliyotumika kutoka Marekani aikague mota. Umeme wa Afrika Kusini ni wa volti 230 na hezi 50. Wa Marekani ni wa volti 120 na hezi 60. Kigeuza volti pekee hakitoshi, kwani mota inayofuata hezi za umeme itapungua kasi kwa sehemu moja ya sita, na waimbaji wa sauti ya kwanza watasikika kama wazee.