Manometri ya turbo: mushale unaomutetea shofere

Turbo ikikufa, mutu wa kwanza kuulizwa ni shofere. "Uliendesha mubaya," njo vile banamwambia, kisha banakata ku mushahara. Ku sendika malalamiko ya namna hii tumeyapokea mara mingi. Lakini wandugu, mara mingi turbo haikufi siku moja. Inaanza kugonjwa polepole, na hakuna mutu anayeona, sababu motokari mingi za mazutu hazina kipimo chake ku tabulo. Kipimo hicho kinaitwa manometri ya turbo.

Moshi wa moto unaotoka mu moteri unazungusha gurudumu kadogo, wakati mwingine kupita mara 100 000 kwa dakika. Gurudumu la pili linasukuma mupepo kuingia mu moteri. Manometri inaonyesha nguvu ya ule mupepo, kwa bar ao kwa psi. Bar 1 ni psi 14,5. Huku Lubumbashi tuko karibu metre 1 200 juu ya bahari, mupepo ni mwepesi, na turbo inatumika sana.

Namna ya kuifunga

Moteri ipoe kwanza, na utoe waya ya moins ku batri. Tafuta katiyo kadogo ka mupira kanakotoka ku bomba la kuingiza mupepo, nyuma ya turbo. Kata hapo, weka te, ufunge na koliye. Usiguse hata kidogo tiyo ya mazutu wala ile ya freni: freni ikikosa nguvu, ni maisha ya batu.

Tiyo ya manometri ipite mbali na turbo na eshapoma, sababu moto utaiyeyusha. Pale inapoingia ndani ya motokari, weka mupira ku tundu ili chuma kisiikate. Waya ya taa ya manometri uiunge ku taa ndogo za motokari, na fuzibule yake; ile ingine ku masi.

Manometri yenyewe ikae pale shofere anaiona bila kugeuza kichwa, lakini isifunike barabara. Usiiweke pale airbag inatokea.

Kisha washa moteri, pakaa maji ya sabuni ku te. Mwenzako akanyage akselerateri kidogo. Ukiona mapovu, mupepo unatoroka: kaza tena.

Namna ya kuisoma

Motokari ikisimama na moteri inanguruma polepole, mushale unakaa karibu na zero. Ukipanda kilima na muzigo, unapanda. Motokari ikiwa nzima, chagua kilima kimoja na muzigo ule ule, andika namba mu kaye. Hiyo njo namba yako. Usifuate ya motokari ya jirani.

Siku namba inashuka na moshi mweusi unatoka, angalia kwanza filtri ya mupepo. Vumbi la karieri linaiziba mbio. Kisha angalia duriti kama zimepasuka ao koliye zimelegea. Vitu hivi ni bei ndogo kuliko turbo. Mushale ukipita sana namba yako, punguza muguu, uende ku garaji: valve inayopunguza nguvu ya turbo inaweza kuwa imekwama.

Ku motokari ya kampuni

Motokari ikiwa yako, ama ya koperative yenu, fanya kazi na mekanisie wenu. Ikiwa ya kampuni, usiiguse bila ruhusa. Muombe shefu wa garaji kwa maandishi, na uchunge kopi. Kila juma andika tarehe, kilometa na namba ya mushale. Ikishuka, peleka habari siku ile ile na uombe sinyatire.

Wake na wana wa mashofere, muchunge kaye hiyo ku nyumba sawa vile munachunga karata ya kazi. Siku banataka kukata mushahara, delege wenu ataingia mu ofisi na kitu mu mukono.