Seramiki Ndani ya Injini: Jambo na Neno Lake

Je, sehemu ya injini yaweza kutengenezwa kwa udongo? Swali hili huzuka tunapotafsiri matini za ufundi. Mwanafunzi akikutana na seramiki huandika "udongo wa kuchoma", naye msomaji hufikiria chungu. Chungu kikianguka huwa vigae. Basi sentensi nzima huonekana kichekesho. Tueleze kwanza jambo lenyewe, kisha neno.

Tuchukue mfano wa Minago, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya mji wa Rumonge. Wavuvi wa ndagala hutoka usiku na taa zao. Katika moteri ya petroli inayosukuma boti mna buji, ambayo Tanzania na Kenya huitwa plagi. Ile sehemu yake nyeupe ni seramiki.

Kwa nini isiwe chuma? Kwanza, umeme wa buji hufikia maelfu ya volti. Chuma kingeupitisha pembeni, na cheche isingeruka mahali pake, seramiki huuzuia. Pili ni joto. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na pistoni za alumini husalimika kwa kuwa injini hupozwa. Alumina, ambayo ndiyo sehemu nyeupe ya buji, huyeyuka karibu na nyuzi 2050.

Mbona basi injini nzima isiwe ya seramiki? Miaka ya 1980 wahandisi wa Japani na Marekani walijaribu sana. Mwaka 1985 Nissan ilitia katika gari lake rota ya turbo ya nitridi ya silikoni, yenye uzito usiofika nusu ya ule wa chuma. Lakini seramiki hustahimili kugandamizwa, si kuvutwa wala kupigwa. Chuma kikizidiwa mara nyingi hupinda kwanza. Seramiki hupasuka ghafla, tena kwa kuanzia kwenye ufa usioonekana. Ndiyo maana pistoni zimebaki za metali, na seramiki hutumika katika sehemu chache zinazoifaa.

Hapo ndipo tafsiri inapokuwa na uzito. Buji iliyoangushwa kwenye saruji yaweza kupata ufa. Umeme huvujia hapo, moteri hukohoa, kisha huzimika. Usiku, katikati ya ziwa lenye upepo, hilo ni suala la uhai. Onyo likisema "usiangushe udongo", mvuvi ataona halimhusu.

Neno "udongo" linapotosha, kwani alumina ni unga wa madini ulioshindiliwa na kuchomwa kwa moto mkali kuliko wa tanuri la mfinyanzi. Tunapendekeza chungu kibaki kwa kazi ya wafinyanzi, kama Watwa wa Burundi. Kauri kwa vikombe na sahani. Seramiki kwa jumla ya vitu hivi, ikifafanuliwa inapotajwa mara ya kwanza. Na kwa msomaji wa Minago tuandike buji. Kabla ya kufungua kamusi, tumuulize fundi.