Msanifu Majengo Aanze na Programu Ipi? Funzo Kutoka Doha

Makumbusho ya Taifa ya Qatar yalifunguliwa jijini Doha mwezi Machi 2019. Msanifu wake, Mfaransa Jean Nouvel, aliiga waridi la jangwani, jiwe linaloota lenyewe penye mchanga na chumvi. Jengo lina sahani kubwa 539 zilizopishana kila upande, zikiwa zimefunikwa kwa vipande takriban 76,000 vya zege yenye nyuzi za kioo.

Kazi hiyo isingewezekana kwa michoro ya karatasi pekee. Wataalamu walitumia Digital Project, programu iliyojengwa juu ya CATIA, ambayo asili yake ni usanifu wa ndege huko Ufaransa.

Je, kijana wa Chuo Kikuu Ardhi au wa Nairobi anayeitamani ajira ya Ghuba aikimbilie CATIA? La. Anachopaswa kujifunza ni utaratibu uliotumika: jengo zima kuwekwa ndani ya modeli moja, ambayo msanifu, mhandisi na mkandarasi wote wanaisoma.

Katika ofisi nyingi kazi hiyo hufanywa kwa Revit, iliyotoka mwaka 2000 na kununuliwa na kampuni ya Autodesk mwaka 2002. Katika AutoCAD, iliyoanza mwaka 1982, mstari hubaki mstari tu. Katika Revit, ukuta hujulikana kuwa ni ukuta, pamoja na unene na malighafi yake. Ukihamisha mlango kwenye ramani ya sakafu, michoro mingine na jedwali la milango hubadilika papo hapo. Faida yake huonekana zaidi kwenye joto kama la Doha, ambako njia za hewa ya viyoyozi hubanana juu ya dari. Njia ikigongana na boriti, kosa hugunduliwa kwenye kompyuta kabla zege haijamwagwa.

ArchiCAD ya Hungaria hufanya kazi kwa utaratibu huohuo, tena hukubali kompyuta za Mac, ambazo Revit haizikubali. SketchUp inafaa kwa kuonyesha wazo haraka. Rhino na Grasshopper ni za maumbo yaliyopinda.

Hata hivyo, wazo hutangulia. Uwanja wa Al Thumama, uliofunguliwa Oktoba 2021, umechukua umbo la kofia ya kushonwa inayovaliwa na wanaume wa Kiarabu. Msanifu wake, Ibrahim Jaidah wa Qatar, aliichota sura hiyo katika maisha ya watu wake, na programu ikamsaidia kuitimiza.

Kwa anayeanza, mpangilio unaofaa ni huu: kuchora kwa mkono, AutoCAD ya kutosha kusoma na kusahihisha michoro, kisha Revit kwa kina. Rhino ifuate baadaye. Autodesk huwapa wanafunzi programu zake bila malipo, kwa hiyo mwanafunzi aitumie nafasi hiyo kuchora nyumba moja kamili, kuanzia msingi hadi paa, kabla hajahitimu.