Mchanga au changarawe? Jua kinachomfaa samaki wako

NI jambo la kawaida siku hizi kuingia katika sebule ya mkazi wa jiji na kukuta tangi la kioo lenye samaki limewekwa karibu na televisheni. Watoto hulipenda, wageni hulisifu na mwenye nyumba hujiona amepata pambo lenye uhai. Kisha, baada ya wiki mbili au tatu, samaki wa kwanza hupatikana asubuhi akielea tumbo juu. Baba hulaumu duka, mwenye duka husema samaki walilishwa kupita kiasi, na mtoto hulia.

Vifo hivyo vina sababu nyingi, lakini iko moja ambayo wachache huifikiria, nayo iko chini kabisa ya tangi. Wengi wetu huchagua kitu cha kutandaza pale kwa kuangalia rangi tu. Vijiwe vya buluu vikipendeza, basi vinabebwa. Hakuna anayeuliza samaki mwenyewe anahitaji kulala, kula na kuchimba juu ya nini.

Kwanza tufahamu kazi ya sakafu hiyo. Choo cha samaki na mabaki ya chakula huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria fulani huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa na ambayo huondoka unapobadilisha maji. Bakteria hawa wema hushikamana na vitu: ndani ya kichujio, na juu ya mchanga au vijiwe vilivyo chini. Huwachukua wiki 4 hadi 6 hivi kuongezeka kiasi cha kutosha. Anayejaza tangi Jumamosi na kutia samaki kumi Jumapili anawatia katika sumu yao wenyewe.

Sasa tuangalie changarawe. Ninayoitaja hapa si ule udongo mwekundu unaomwagwa barabarani, bali ni vijiwe vya mtoni vilivyosuguliwa na maji hadi vikawa laini, vyenye unene wa milimita 3 hadi 5. Maji hupita katikati yake bila taabu. Ndiyo maana wanaotumia kichujio cha kulazwa chini, yaani ile sahani ya plastiki yenye matundu inayovuta maji kupitia sakafuni kwa msaada wa pampu ya hewa, hawana budi kutumia changarawe. Mchanga huingia katika matundu yale na kuyaziba.

Lakini panapopita maji, uchafu nao hupita. Chakula ambacho samaki hakukiwahi hutumbukia kati ya vijiwe na kuozea huko, huku juu pakionekana safi kabisa. Dawa yake ni mpira wa kunyonyea maji wenye mdomo mpana. Kila wiki unaudidimiza ndani ya changarawe. Vijiwe huruka na kuanguka tena, na uchafu hutoka pamoja na maji. Toa robo ya maji hivi, kisha urudishe mengine uliyoyaacha wazi ndani ya ndoo kwa saa 24 ili klorini ya mfereji iondoke. Asiye tayari kwa kazi hii afadhali aiache changarawe dukani.

Kuna na suala la stima. Ikipotea kwa saa nyingi, pampu husimama, maji hayapiti tena katikati ya changarawe, na bakteria wale ambao huhitaji oksijeni huanza kufa. Ikiwa mtaani kwenu taa huzimika mara kwa mara, usitegemee kichujio cha chini peke yake.

Mchanga una tabia tofauti. Chembe zake zimebanana, kwa hivyo uchafu hubaki juu ukionekana na kila mtu. Watu huudhika wakiuona, ilhali hiyo ndiyo faida yake, kwa kuwa kinachoonekana ni rahisi kuondolewa. Unapitisha ule mpira juu ya mchanga bila kuugusa, na uchafu unavutwa. Ukiukaribia mno utavuta na mchanga wenyewe.

Hatari ya mchanga ni kuuweka mwingi. Ukifika kina cha sentimita 7 au 8, sehemu ya chini hukosa hewa na viini vya aina nyingine huanza kutoa gesi yenye harufu ya mayai viza. Gesi hiyo huua samaki. Ukiona madoa meusi kupitia kioo upande wa chini, jua imeanza kazi. Sentimita 2 hadi 3 zinatosha, na kila wiki uuvuruge polepole kwa kidole.

Hata hivyo, mwenye neno la mwisho anapaswa kuwa samaki. Chukua samaki wa dhahabu, ambaye ndiye hupendwa na watoto wengi. Huyu ni wa ukoo wa kapu, na kutwa nzima hufyonza vilivyo chini, hupepeta chakula mdomoni na kutema kisicholiwa. Mchanga huutema bila shida. Kijiwe kinachotosha mdomo wake, kwa upande mwingine, kinaweza kumkwama kooni, na watu wamelazimika kukitoa kwa kibanio.

Wapo pia wale jamaa wadogo wa kambare kutoka Amerika Kusini, ambao mkubwa na mdogo wote wana sharubu. Hutumia sharubu hizo kutafuta chakula sakafuni. Mawe yenye makali huzikwaruza, vidonda vikapata viini na sharubu zikaliwa hadi zikabaki vishina. Hao wape mchanga laini. Samaki wa kuelea juu na katikati, kama vile gapi, hawajali sana kilicho chini yao.

Na usiwasahau samaki wa maziwa yetu ya Afrika. Ziwa Tanganyika lina samaki wadogo, jamaa za tilapia, wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Huchimba mchanga hadi kombe likafukiwa likabaki mdomo tu. Mnyime mchanga samaki huyu, naye atakosa la kufanya. Inashangaza kwamba samaki hawa wanafugwa majumbani Ujerumani na Marekani, ilhali hapa kwetu ni wachache wanaowajua.

Vitu hivi vitoke wapi? Mchanga wa mto unaoletwa Nairobi kutoka pande za Machakos na Kajiado unaweza kufaa, mradi hukuuchota mahali palipochanganyiwa simiti. Uchekeche, kisha uoshe ndani ya ndoo mara kumi au zaidi, hadi maji yatoke bila ukungu. Usitie sabuni hata tone. Kokoto za wajenzi ziache. Ni mawe yaliyopondwa na mashine, na kingo zake ni kama wembe kwa samaki.

Mchanga mweupe wa pwani nao hushawishi wengi wanaorudi kutoka likizoni. Una vipande vya matumbawe na makombe, ambavyo hutoa chokaa polepole na kuyafanya maji kuwa magumu. Samaki wa Tanganyika na Malawi hawaudhiki kwa hilo, lakini wengi wa Amerika Kusini hudhoofika. Isitoshe, katika hifadhi za baharini kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka wa 1968, hairuhusiwi kuokota chochote. Ukishuku mchanga au jiwe lolote, lidondoshee siki. Likitoa povu, lina chokaa.

Kabla ya kununua, piga hesabu. Tangi la sentimita 60 kwa 30, lenye kimo cha 30, hubeba lita 54. Changarawe ya kina cha sentimita 5 humo ni lita 9, uzani wa kilo 14 hivi. Mchanga wa sentimita 3 hauzidi kilo 9. Ukijumlisha maji na kioo, meza ndogo ya sebuleni itapinda.

Kwa maoni yangu, familia yenye samaki wa dhahabu na watoto wanaopenda kulisha kupita kiasi ichague mchanga mchache, pamoja na kichujio cha kuning'inizwa pembeni. Uchafu utaonekana kabla haujawa sumu.

Na ikiwa tayari una changarawe na wataka kubadilisha, usiitoe yote kwa siku moja, kwani utatoka na bakteria wako. Ondoa robo kila wiki, ukiacha kichujio kama kilivyo. Ukihitaji kukisuuza, tumia maji uliyoyatoa tangini, si ya mfereji. Siku ya kutia mchanga zima pampu, kwa sababu chembe zikiingia ndani huila mashine. Weka sahani juu ya mchanga, umimine maji juu ya sahani hiyo, na usiwashe pampu hadi vumbi litulie.